Wavu Juu ya Mishubiri ya Mama Watoto

Nilifunika mishubiri ya marehemu mke wangu kwa wavu wa dagaa, na kwa miaka miwili nilimshukuru Mungu kwa kunipa akili ile. Naandika habari hii ili wanangu na wajukuu zangu wajue kwamba mtu anaweza kufundisha katekisimu zaidi ya miaka thelathini, na bado akafanya kosa kwa bidii na kwa sala.

Nyumba yetu iko Buswahili, upande ambao ardhi inaanza kuteremka kuelekea mto Mara. Mke wangu alipokuja kwangu akiwa bibi arusi, alitoka kwao Butiama na kitambaa chenye mafundo manne. Fundo la kwanza lilikuwa na mbegu za maboga, la pili ulezi, la tatu kunde. La nne lilikuwa na mbegu nyembamba za kijivu, kila moja ina bawa jembamba pembeni kama kipande cha karatasi. Hizo zilikuwa mbegu za mshubiri. Ndivyo walivyofanya wanawake wa ukoo wao: binti haondoki nyumbani bila mbegu, na anayefunga mafundo ni mama yake.

Watu wa siku hizi huuita alovera, ingawa si ule wa kwenye chupa za dukani. Huu wetu una majani mapana yenye miiba pembeni, yamekaa duara kama beseni. Ukifika wakati wake unatoa bua linalozidi urefu wa mtoto wa darasa la kwanza, limejaa maua mekundu yanayoning'inia kama njuga ndogo. Hauchipui watoto ubavuni kama mgomba. Usipopata mbegu, umekosa. Mke wangu aliupanda mstari mzima upande wa magharibi wa nyumba. Mdondo ulipoingia kwa kuku, alikata majani na kuyaloweka kwenye maji yao ya kunywa. Majirani wakaja kuomba, naye hakumnyima mtu hata siku moja.

Alipofariki tulimzika mwisho wa mstari ule, kama alivyotaka mwenyewe. Siku chache kabla, akiwa bado anaweza kukaa kitako, aliniambia, "Baba watoto, wale wakubwa nimewafungia mbegu zao. Wa mwisho bado. Usimwache aende mikono mitupu."

"Hatakwenda mikono mitupu," nikamjibu.

Hiyo ndiyo ilikuwa ahadi yangu ya mwisho kwake, na nilidhani ni nyepesi. Mishubiri ilikuwa mingi. Lakini mwaka uliofuata jua lilikaa muda mrefu kuliko tulivyozoea, kisha mdondo ukarudi, na mimi sikuwa na moyo wa kumnyima jirani kitu ambacho marehemu hakumnyima. Nilipokuja kuhesabu, ilibaki minane. Nikang'oa mmoja nijaribu kama unaweza kuhamishwa, ukaoza. Ikabaki saba. Kwa dada zake yule wa mwisho hakukuwa na msaada. Mishubiri ya mkubwa iliondolewa na greda barabara ilipopanuliwa, na ya wa pili ililiwa na mbuzi wa shemeji yake, mabua pamoja na maua yake. Kwa hiyo tumaini lote la yule binti wa mwisho lilikuwa katika mishubiri saba iliyozeeka karibu na kaburi la mama yake.

Sasa, mimi ni mtoto wa mtama. Utoto wangu wote niliupitisha juu ya kichanja katikati ya shamba, nikiamia ndege kwa kombeo na madonge ya udongo. Tuliamka kabla ya ndege, tukala juu ya kichanja, na mdomo ulikauka kwa kupiga kelele. Kwelea kwelea wakishuka kundi zima kwenye shamba, familia inalala njaa miezi mitatu. Mtu aliyelelewa hivyo, ndege akitua kwenye mmea wake, moyo wake unaruka. Haulizi ndege amefuata nini. Anatafuta jiwe.

Basi mishubiri ilipochanua, nikawaona ndege wadogo wenye midomo mirefu iliyopinda, wale tunaowaita chozi. Dume lina kifua chekundu na kichwa kinachong'aa. Walikuwa wanaingiza midomo ndani ya maua, moja baada ya jingine, na baadaye chini ya bua nikakuta maua yamedondoka. Nikasema moyoni, wezi hawa wanakula urithi wa binti yangu.

Nikapanda gari mpaka Musoma. Nikanywa chai mtaa wa Mukendo, kisha nikashuka mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, nikamtafuta mtu mwenye wavu wa dagaa uliochakaa. Kijana mmoja aliyekuwa akishona nyavu akaniuliza ninatoka wapi.

"Buswahili," nikasema.

"Buswahili kuna dagaa, mzee?"

"Nataka kuzuia ndege."

Akawageukia wenzake. "Jamani, dagaa wa Buswahili wameota mabawa!" Wakacheka sana, lakini akanipa wavu wake na hakutaka chochote. Akasema tu, "Ukimkamata wa kukaanga, utuletee."

Niliufunga wavu ule vizuri. Nilisimamisha fito, nikauvuta kila upande, nikaukandamiza kwa mawe. Maua yalikaa chini yake mazuri na safi, hayakuguswa na ndege hata mmoja. Kisha yakanyauka, yakadondoka, na bua likabaki kavu. Hakuna mbegu. Mwaka ule nikalaumu jua. Mwaka wa pili niliona matundu mawili kwenye wavu nikalaumu matundu. Nikaukunja ukawa mara mbili. Nikasali novena mbili, siku tisa tisa. Tena hakuna mbegu. Wakati huo mishubiri mitatu kati ya saba ilikuwa imeanza kusinyaa na kuwa ya rangi ya udongo.

Mwaka wa tatu, mabua yalipoanza kutokeza, binti yangu wa mwisho alikuja nyumbani kutoka Bunda. Yeye ni mwalimu wa biolojia katika shule ya sekondari ya huko. Alikuja kunieleza kwamba mchumba wake, kijana anayefanya kazi Musoma, atakuja na wazee wake kujitambulisha, na kwamba wakifunga ndoa watakaa Kitaji, mjini humo humo. Nilifurahi. Lakini hata kabla hatujamaliza salamu, nilikuwa nawaza fundo la nne.

Alikwenda kusali kwenye kaburi la mama yake. Akarudi na sura ya kushangaa.

"Baba, nani kafunga kile chandarua?"

"Si chandarua. Ni wavu wa dagaa. Nimefunga mimi."

"Alovera zina malaria?"

"Nazuia ndege."

Akaanza kucheka, kisha akaacha ghafla. "Tangu lini?"

"Huu mwaka wa tatu."

"Na mbegu?"

"Mbegu hakuna. Nimesali novena mbili."

Alikaa kwenye kigoda karibu na miguu yangu, kama alivyokuwaga akikaa akiwa mdogo. "Baba," akasema polepole, "umemwomba Mungu mbegu, halafu ukamfungia mlango yule anayezileta."

Sikumwelewa. Akanishika mkono, akanipeleka mpaka kwenye mstari, akafunua pembe moja ya wavu. Ua moja la kwanza lilikuwa limefunguka. Akalichuma, akaminya kitako chake, tone likatokea. "Onja."

Nilionja. Ilikuwa tamu, nyepesi, kama maji ya sukari anayopewa mtoto mchanga.

"Chozi hali ua, baba. Anakunywa hii. Na anapoingiza mdomo, huu unga wa njano unampaka hapa." Akajigusa kipajini. "Akienda kwenye mshubiri mwingine, unga unabaki huko. Ndipo mbegu inaposhika. Yale maua uliyoyakuta chini yalikuwa yamemaliza kazi yake."

"Lakini nyuki wanapita kwenye wavu. Nimewaona kwa macho yangu. Si kazi ya nyuki hiyo?"

"Nyuki anajaza unga miguuni anaupeleka mzingani kwake. Akiwa hapo chini ya wavu anazunguka kwenye bua lile lile. Na huu mmea hauzai kwa unga wake mwenyewe, unataka wa mshubiri mwingine."

"Kama sisi tusivyooa ndani ya ukoo."

"Hivyo hivyo."

Nililiona ua lile kwa namna ambayo sikuwahi kuliona, mimi niliyekaa nalo miaka arobaini. Akaniambia nilinuse, halikuwa na harufu. Akasema ndege hategemei pua, anategemea macho, na wekundu anauona kutoka mbali, ilhali nyuki hauoni vizuri. Akalilaza ua kiganjani na kunionyesha jinsi lilivyopinda kidogo, kama mdomo wa chozi ulivyopinda. Akanionyesha bua, jinsi lilivyo gumu kiasi cha ndege kulishika kwa miguu bila kuvunjika. Kila kitu pale kilimfaa mgeni mmoja.

"Nani alilifundisha?" nikauliza.

Hapo binti yangu akatazama pembeni. "Baba, nikikujibu hilo utanihubiria?"

Nilijua anakumbuka nini. Alipokuwa kidato cha sita alianza mezani kutueleza somo la mageuko ya viumbe, nami nikamkatiza mbele ya wageni. Nilimwambia masomo ya namna ile ayaache kwenye geti la shule, asiyaingize kwenye nyumba ya katekista. Alimaliza kula, akaosha vyombo. Tangu siku ile alinisimulia habari za wanafunzi, za chakula, za mvua ya Bunda, lakini hakunisimulia tena kitu alichokuwa anakipenda kuliko vyote. Miaka yote hiyo nilidhani ni adabu.

"Sitakuhubiria," nikasema. "Siku ile nilikosea kukukatiza. Nieleze sasa."

Alinitazama kama mtu anayejaribu chai ya moto kwa ncha ya ulimi. Kisha akaanza, kwanza kwa woga, halafu kwa sauti yake ya darasani.

"Zamani sana, kabla ya babu wa babu zako, maua ya ukoo huu hayakuwa hivi yote. Watoto wa mama mmoja hawafanani kabisa, si ndiyo? Yalikuwapo yaliyozidi urefu kidogo, mengine mafupi, mengine wekundu umekolea, mengine umefifia. Ndege alikuja kunywa. Ua lililoenea vizuri mdomoni mwake lilimpaka unga mahali penyewe, likapata mbegu nyingi. Mbegu zikaota, zikafanana na mama yao. Lile lisilomwenea likapata mbegu chache. Ukoo wake ukapungua. Sasa rudia hivyo, baba, miaka na miaka, hata wewe na subira yako huwezi kuihesabu."

"Na ndege naye?"

"Naye hivyo hivyo. Mwenye mdomo uliofika kwenye tamu alishiba, akalea makinda. Ua na ndege wamekuwa wakivutana taratibu."

Nikakaa juu ya jiwe moja lililokandamiza wavu. Nilikuwa nimemkumbuka mama yangu. Kila mavuno, kabla ya kupura mtama, alipita ghalani akichagua masuke ya mbegu. Alichagua yale yaliyoinamisha shingo, kwa sababu ndege hupata taabu kutua juu ya suke lililoinama. Mwaka hadi mwaka alichagua hivyo, kama mama yake alivyochagua, na mtama wa nyumbani kwetu ukawa na shingo iliyopinda kuliko mtama wowote wa jirani. Hakuna siku tuliyoamka tukakuta shingo zimepinda. Ilikuja kidogo kidogo, mkono wa mwanamke ukichagua.

Nikamweleza binti yangu hayo yote.

"Ndiyo yenyewe, baba! Ila kwenye maua hapakuwa na bibi wa kuchagua."

"Alikuwapo," nikasema. "Bibi ni chozi."

Alicheka mpaka akashika mbavu. "Hilo nitalipeleka darasani."

Wengine wataniuliza kama imani yangu ilitikisika siku ile. Haikutikisika. Nilikuwa nimewafundisha watoto wengi kwamba Mungu aliyashona maua kama fundi anayemaliza nguo jioni na kuikabidhi. Siku ile nilimwona kama mkulima. Anaacha mbegu ziwe tofauti, anaacha mvua, anaacha ndege wadogo wapite, naye hana haraka. Mkulima hapungukiwi heshima kwa kungoja. Mimi mwenyewe nimeheshimiwa kijijini kwa sababu ya kungoja.

Tuliondoa wavu wote jioni ile. Binti yangu akarudi Bunda kufundisha, na posa ikapokelewa mwezi uliofuata kwa furaha. Harusi ikapangwa iwe baada ya mavuno.

Lakini mambo hayakwisha hapo. Kati ya mishubiri saba, mwaka ule miwili tu ndiyo iliyokuwa na nguvu ya kuchanua: mmoja mwanzo wa mstari, karibu na njia, na mwingine mwisho, karibu na kaburi. Siku tatu hakuja ndege. Walikuwa wamezoea kwamba pale ni jela. Siku ya nne dume moja likatua kwenye mshubiri wa njiani, kifua chekundu, kichwa kinang'aa, likanywa. Nikasema, Mungu asifiwe. Kumbe ndege yule alikuwa na roho ya mwenye duka. Aliufanya mshubiri ule kuwa wake peke yake. Chozi mwingine akija, anafukuzwa. Kipepeo akija, anafukuzwa. Alikuwa anakunywa, anakaa juu ya ufito niliousahau, analinda, anakunywa tena. Kule kaburini hakufika hata mara moja.

Nilikaa pale asubuhi mbili nikimbembeleza. "Nenda kule, baba," nilimwambia. "Kule nako kuna tamu." Mimi niliyewapiga kombeo babu zake!

Nikampigia simu binti yangu.

"Chukua unyoya, baba," akasema.

"Unyoya wa nini?"

"Wa kuku. Gusa unga wa mmoja, kapake ua la mwingine, pale kwenye kijiti cha katikati. Asubuhi, wakati unga ni mbichi."

"Yaani niwe ndege."

"Kwa wiki moja tu."

Basi asubuhi iliyofuata nilikuwa nimeinama mbele ya mshubiri wa kaburini, miwani puani, unyoya wa jogoo mkononi, na kila ua nililoligusa nilifunga uzi mwekundu kutoka kwenye kopo la kushonea la marehemu. Jirani yangu, mzee mwenzangu na mwenyekiti wa kigango chetu, alikuwa anapitisha ng'ombe kwenda mtoni. Akasimama.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina."

"Katekista, unabatiza hapo au unapaka mafuta wagonjwa?"

"Nafungisha ndoa."

"Bila padre?"

"Padre hajafika. Amekaa kule njiani analinda sadaka."

Akamtazama yule chozi kwenye ufito, kisha akanitazama mimi. "Na tangazo? Mbona Jumapili sikusikia tangazo? Ni mara tatu, Katekista, wewe ndiye ulitufundishaga. Kama kuna mwenye pingamizi?"

"Mwenye pingamizi ni mgongo wangu tu."

"Na ng'ombe za mahari kala nani?"

"Endelea na zako, zinakunywa bila wewe!"

Akaenda akicheka peke yake. Lakini jioni alirudi, akaketi karibu nami bila mzaha, akaniuliza ninafanya nini hasa. Nikamweleza yote: ahadi, wavu, unga, mtama wa mama. Akafikiri, akasema, "Nami nyumbani nimezungushia matikiti yangu wavu, kwa ajili ya ndege."

"Mtafute mwalimu wangu akueleze ya matikiti," nikamwambia. "Mimi bado ninasoma darasa la mishubiri."

Nilifunga nyuzi ishirini na tatu. Wiki ikaisha. Maua ya mshubiri hufunguka kuanzia chini ya bua kwenda juu, na yale ya njiani yalipokaribia kileleni, tamu ikapungua. Asubuhi moja nilimwona mwenye duka wangu anaingiza mdomo na kuutoa, anaingiza na kuutoa, kama mtu anayegonga debe tupu. Kisha akaruka. Nikadhani ameondoka kabisa. Nilipogeuza kichwa, alikuwa kwenye bua la kaburini. Kipaji chake kilikuwa cha njano. Alishuka ua kwa ua, na mimi nikavua kofia, nikabaki nimesimama hivyo mpaka alipomaliza. Siku zilizofuata alikwenda na kurudi, huku na huku, na wengine walikuja nyuma yake kwa sababu hakuweza tena kulinda mahali pawili.

Vifuko vya mbegu vilianza kuvimba baada ya muda, kijani, kisha vikageuka rangi ya kahawia. Nikavikinga na mbuzi kwa miiba, si kwa wavu. Katika nyuzi zangu ishirini na tatu, vifuko vitano vilishika. Nyingine zilikuwa zimefungwa kwenye vijiti vikavu. Vya ndege nilivihesabu mpaka nikapotea, nikaanza tena, nikapotea, nikaacha. Vilikuwa vingi kwenye mabua yote mawili. Nilikuwa mwanafunzi mwenye bidii, lakini yule alikuwa na kazi hiyo tangu kabla ya babu wa babu zangu, kama mwalimu alivyosema.

Siku ya kumuaga binti, wanawake walijaa nyumbani tangu asubuhi. Shangazi yake, dada yangu mimi, akauliza kwa sauti nani atafunga mafundo, maana mama mtu hayupo.

"Nitafunga mimi," nikasema.

"Baba afunge mafundo ya kike?" Vigelegele vikachanganyika na vicheko. "Haya, tuone vidole vya Katekista!"

Nilikuwa nimekata kipande cha kitenge cha mke wangu. Nikafunga mbele yao: maboga, ulezi, kunde, mshubiri. Vidole vyangu ni vinene, mafundo yalikuwa mabaya, lakini hakuna lililofunguka. Kisha nikafunga la tano, dogo, nikalizungushia uzi mwekundu.

Binti yangu akapiga magoti kupokea. Akahesabu. "Baba, mbona matano? Kwa mama yalikuwa manne."

"La tano ni zile nilizochavusha mimi. Sikutaka kuzichanganya na kazi ya fundi."

Aliminya fundo lile dogo kwa vidole viwili, na machozi yalikuwa yanamtoka, lakini alisema kwa sauti iliyofika mpaka kwa shangazi yake, "Hizi nitazipanda kwenye kopo lake peke yake, tuone kama zitaota zinajua novena."

Walicheka wote. Mimi nilitazama nje, mwisho wa mstari. Ahadi ilikuwa imetimia, na sikuona haja ya kusema neno zaidi kwa yule niliyemwahidi.

Mwezi uliopita nilikwenda kuwatembelea Kitaji. Wanakaa nyumba ndogo kati ya mawe makubwa, na upepo wa ziwa unafika mpaka jikoni. Kwenye ukuta wa nyuma alikuwa amepanga madumu ya mafuta ya kula aliyoyakata katikati, na ndani yake mishubiri michanga imechomoza, kila mmoja majani matatu manne membamba kama kucha za kuku. Dumu la mwisho lilikuwa na uzi mwekundu kwenye mpini. Ndani yake imeota minne.

Lakini kilichonishtua ni kwamba juu ya madumu yote ulikuwa umetandazwa wavu.

Binti yangu akaniona ninavyotazama. "Ni kuku wa jirani, baba. Wanaparua. Ikikua nautoa."

"Itachanua baada ya miaka mingapi?"

"Mitatu. Labda minne."

"Usiutoe," nikamwambia. "Bua la kwanza likitokeza nipigie simu. Nitakuja kuutoa mwenyewe."